Sarafu Zilizooshwa kwa Majivu

Kalenga,
11 Februari 2024

Mdogo wangu Crispin,

Kamwene. Natumaini mko wazima hapo Ilomba, wewe na wifi yangu Bupe na mwanangu Andendekisye. Sisi huku tunaamka. Mvua imenyesha mpaka inaudhi, mahindi ya bondeni yamefika kiunoni, na mianzi inatoa ulanzi hata vyombo vya kukingia havitoshi. Wateja wangu wanakunywa, wanaimba, wanasahau kulipa, halafu kesho yake wananiletea sarafu walizookota sijui wapi. Masikio yangu ni yale yale. La kushoto limekufa, la kulia linasikia radi tu, kwa hiyo usijisumbue kupiga simu. Simu yenyewe siku hizi anakaa nayo Aroni.

Huyu Aroni nilikuandikia habari zake mwaka jana. Ndiye aliyelima mpunga Usangu pamoja na mwanangu Fanueli, akaja hapa Julai ya mwaka juzi na gunia la mchele, akatuambia Fanueli amevuka Tunduma kwenda Zambia kutafuta kazi. Alibaki anisaidie kuvuna. Mavuno yakaisha, yeye akabaki. Sasa amemposa mwanangu Lea, na Lea anamtaka. Kwao anasema ni upande wa Ilula, ingawa posa aliileta na mzee mmoja ambaye hakujua hata jina la baba yake. Ni mchapakazi, siwezi kumsingizia. Kinachonishangaza ni kimoja, haogopi ukwe. Anaingia jikoni kwangu, anakalia kigoda changu, anafunua chungu. Nilipomwambia kwamba kwetu mkwe hakai hivyo na mama mkwe, alicheka, akaniandikia kwenye karatasi, "Mama, mimi ni mwanao." Barua zetu ndiye anayezipeleka stendi ya Ipogolo na kuzichukua, maana ana pikipiki.

Fanueli hajaandika. Huu ni msimu wa pili wa mvua.

Nimekuwekea sarafu saba za makosa. Moja ya mia imeumwa pembeni, nyingine picha yake imelala, nyingine ina mstari kama mshipa. Ya mwisho ni ya mia mbili, simba wake mmoja hana kichwa. Nimeziosha zote kwa majivu na limau, zinang'aa kama zinakwenda harusini. Ziangalie vizuri, kisha uniambie.

Dada yako,
Kalista


Mbeya,
3 Machi 2024

Dada yangu Kalista,

Shikamoo. Barua na kifurushi nilivipata siku ya tatu tangu uandike, lakini lenzi yangu ilikuwa imeanguka ikabidi ningoje nyingine. Bupe anakusalimu, goti lake limepoa. Andendekisye ameingia kidato cha pili na tayari anajua kila kitu kuliko mimi. Mwanjelwa ni tope tupu. Kibanda changu kiko pale pale, saa zinaletwa chache, funguo ndizo zinanilisha.

Kwanza nikugombeze. Sarafu ya makosa haioshwi, dada. Thamani yake iko kwenye ngozi. Majivu yanakwangua, limau linakula, na mnunuzi akiona mng'aro ule anajua mtu amepita hapo kabla yake, anashusha bei papo hapo. Uchafu wa sarafu ni sehemu ya habari zake. Sasa basi, yamepita.

Ile ya mia iliyoumwa pembeni nimeipima, imepungukiwa uzito, lakini hilo peke yake halisemi kitu. Sarafu iliyokatwa vibaya mtamboni huonekana kwa upande wa pili. Pale mkabala na pengo, ukingo huwa umefifia, kwa sababu mtambo ulipobana haukupata kitu cha kusukumana nacho. Hii ukingo wake wa pili ni mzima kabisa. Maana yake ni mtu alikaa na tupa akaikata, labda kwa kutafuta mjinga wa kumuuzia. Hiyo nitainunulia chumvi. Ile ambayo picha yake imelala ni ya kweli. Ukiigeuza kama ukurasa wa kitabu, picha ya nyuma inapaswa kusimama, na hii imelala ubavu, ina maana muhuri wa kugongea ulilegea ukazunguka. Kwa kuwa imeoshwa, nitapata elfu kumi. Yenye mshipa ni muhuri uliopasuka. Kila sarafu iliyogongwa na muhuri ule ina mshipa uleule, kwa hiyo zipo nyingi, haina bei kubwa. Tatu nyingine ni kuchakaa tu, hazina kosa.

Sasa ile ya simba. Dada, Fanueli amerudi lini? Mbona humsemi?

Niliijua kabla sijaishika vizuri. Unakumbuka enzi nauza chenji kwa makonda, nilifungua pakiti ya benki nikakuta mbili zimekaa pamoja. Visahani viwili, sarafu ambazo hazijagongwa picha, viliingia mtamboni kwa mpigo mmoja, kimoja kikampanda mwenzake. Palipobonyea moja ndipo palipovimba nyingine. Nikaziita Kulwa na Doto. Kulwa nikabaki naye mimi, Doto nikampa Fanueli siku alipomaliza kidato cha nne, nikamwambia usimtoboe, usimwoshe, usimtumie. Jana nimemweka huyu wako juu ya Kulwa. Wamekaa kama mfuniko na chungu, hata ukucha hauingii. Hakuna sarafu nyingine duniani inayoweza kukaa pale.

Mwambie kijana aache mizaha ya kumficha Doto kwenye kifurushi cha mama yake, aje mwenyewe. Kila mmoja peke yake hamalizi bei ya mbuzi. Wakiwa pamoja, kuna mnunuzi wa Dar es Salaam alikwisha kusema milioni tatu, na nikimkazia ataongeza. Kwenye shajara yangu jana niliandika mstari mmoja tu, Doto amerudi. Nimefurahi mpaka Bupe kaniuliza kama nimepitia kilabuni.

Mdogo wako,
Crispin


Kalenga,
26 Mei 2024

Mdogo wangu Crispin,

Kamwene. Sisi wazima. Maharage tumevuna, si mengi. Baridi imeanza. Poleni na tope, nadhani sasa limekauka.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya shamba, na kwa sababu barua yako Aroni alikaa nayo. Siku hizi anafungua yeye kwanza. Anasema mkwe ni mwana, hana haja ya siri na mimi. Hata sasa yuko hapa karibu ninapoandika, anakusalimu.

Fanueli hajarudi. Ile sarafu Lea aliikuta ndani ya bitana ya koti la Aroni, wakati analifua. Aroni ametueleza kwamba Fanueli alimpa kama kumbukumbu walipoagana, na yeye akaisahau. Koti anasema alilinunua mtumbani Makambako.

Harusi ni tarehe 24 Agosti, baada ya sikukuu ya Maria Kupalizwa. Aroni ameuliza sana habari za pacha hao. Anasema kwa kuwa mmoja ni wake na mwingine ni wa mjomba, wauzwe kabla ya harusi. Ameniuliza kibanda chako kiko upande gani wa soko, na kama unalala nazo nyumbani. Nimemwambia sijui.

Nasikitika niliziosha. Umesema kweli.

Dada yako,
Kalista


Mbeya,
19 Juni 2024

Dada yangu Kalista,

Shikamoo. Barua hii nimempa Sista Evarista wa zahanati yenu, alikuja Mbeya kuchukua dawa. Nimemwomba akukabidhi wewe, mkononi, mkiwa wawili tu. Leo hiihii nimetuma nyingine kwa basi, ya kusomwa na yule anayezisoma. Ndani yake nimesema mnunuzi amesafiri, na kwamba Doto amepungua bei kwa kuoshwa. Hiyo usiiamini. Hii ndiyo barua yangu.

Nilikwenda Usangu. Wiki mbili zilizopita nilifunga kibanda nikapanda gari mpaka Ubaruku, nikauliza vijana wawili wa Iringa waliokodi shamba msimu wa mwaka juzi. Nilipelekwa kwa mama mmoja wa Kisukuma anaitwa Minza, ambaye mumewe aliwakodisha ekari mbili na kuwapa kibanda cha kulala. Alikuwa anakamua ng'ombe, hakusimama. Nilipotaja jina la Fanueli akaniuliza, "Yule wa koti?"

Nikasema labda.

"Mwanenu halivui koti hata jua lipasue vichwa," akaniambia. "Anasema kifua chake. Sisi tulimwita Baridi. Anaitika."

Nikamuuliza Baridi alikwenda wapi. Akakamua kwanza mpaka kibuyu kikajaa. Kisha akasema Baridi hakumuaga, jambo ambalo lilimkera, kwa kuwa alikuwa anamnywesha maziwa kila asubuhi bila malipo. Mpunga ulipokwisha kuuzwa alikuja mwenzake peke yake kurudisha jembe. "Alikuwa amevaa lile koti. Nikamtania, nikamwambia naona leo baridi imehamia kwako. Hakucheka. Aliniangalia mpaka nikaita mbwa."

Aliingia ndani akanitolea mfuko wa nailoni aliokuwa ameutundika darini, umejaa masizi. Kulikuwa na shuka, kitabu cha sala ulichompa wewe, na cheti chake cha kidato cha nne kimekunjwa ndani ya kitabu. Mtu anayekwenda Zambia kutafuta kazi haachi cheti, dada. Minza naye aliliwaza hilo. Anasema alimtunzia mwenyewe, hakumpa mwenzake, na hakujua amwambie nani.

Niliporudi nilimtazama Doto upya kwa lenzi, polepole. Pale alipobonyea kuna kunjo jembamba ambalo majivu yako hayakulifikia. Mna utando mweusi. Udongo wa Usangu naujua, ukikauka unapasuka vipande. Huu haupasuki, unabanduka kama magamba. Nadhani ni damu. Sikuugusa. Nimemfunga kwenye karatasi na kumweka mahali ambapo hata Bupe hapajui.

Miaka yote hii kazi yangu imekuwa moja, kutenganisha kosa la mtambo na jeraha la mkono wa mtu. Yule anayekaa kwenye kigoda chako anasema alipewa sarafu. Naona jeraha la mkono. Na mimi ndiye niliyemwandikia bei yake, kwa furaha, kwa herufi kubwa.

Mtoe Lea hapo, kwa sababu yoyote utakayoibuni. Harusi hiyo isifike. Na wewe utoke.

Jibu kwa Sista, si kwa stendi.

Mdogo wako,
Crispin


Kalenga,
14 Julai 2024

Mdogo wangu Crispin,

Kamwene. Naandika nikiwa zahanati, kwenye meza ya dawa. Aroni anajua nimekuja kupima presha. Kwa hiyo leo salamu ni fupi, mnisamehe wewe na wifi.

Ulinigombeza kwa kuosha. Nilingoja uniulize kwa nini, hukuniuliza.

Crispin, ni miaka mingapi nakutumia sarafu? Nimekutumia zenye kinyesi cha kuku. Nimekutumia iliyotoka kwenye tumbo la kambale na harufu yake. Hata walevi wangu wanajua kwamba za Crispin hazifutwi, wakiniona na kitambaa wananizomea. Nilijua utaona mng'aro ule ukashtuka, ukasema dada huyu ana nini leo. Kuandika sikuweza, anasoma kila kitu kinachotoka humu ndani. Nikaosha zote saba ili ile moja isijitenge. Nawe ukaandika kurasa mbili za furaha. Sikulaumu. Hata mimi kwa usiku mmoja nilijaribu kufurahi nawe.

Lile koti nililijua kabla ya sarafu. Limetiwa rangi nyeusi na vifungo vimebadilishwa, lakini Lea aliponiletea na kunionyesha bitana iliyofumuka niliona uzi wa kijani. Ni uzi niliobakiza niliposhona sare za kwaya. Mimi ndiye niliyemshonea Fanueli sarafu yako humo ndani, usiku wa kuamkia safari, kwa sababu aliniambia mfukoni itamponyoka. Nilishona mishono ya msalaba, kama ninavyoshona viraka. Hakuna aliyefumua. Ulikuwa umeoza wenyewe. Aroni hakujua kwamba anatembea nayo. Huwezi kupewa kumbukumbu kisha usijue unayo.

Ule utando niliuona nami. Ulikuwa mwingi kuliko huo ulioukuta. Niliusugua kwa vidole vyangu, Lea amesimama pale mlangoni ananiambia mama mbona unasugua kwa nguvu, na mimi, niliyemsoma midomoni, nikajifanya sikusikia. Uziwi una faida zake.

Lea hajui kitu. Akijua, uso wake utasema. Nimemwambia aje kwako kununua vitenge vya harusi Mwanjelwa, kwamba huku ni ghali. Aroni amekubali upesi mno. Nadhani anategemea Lea amletee Kulwa na Doto. Lea atafika kwako mwisho wa mwezi. Usimrudishe.

Mimi sitoki. Nikitoka naye atatoka, atapotelea huko alikotoka ambako hakuna anayekujua, na hatutaambiwa kamwe mwanangu amelala wapi. Nakaa naye. Namkorogea uji. Jioni anakaa mlangoni ananoa panga lake, mimi sisikii linavyolia, naona tu cheche. Nataka kujua Fanueli yuko wapi. Baada ya hapo nitaondoka popote utakaponiambia.

Dada yako,
Kalista


Mbeya,
1 Agosti 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Lea amefika salama, yuko nasi. Tulimwambia juzi, mimi na Bupe, kwa utaratibu. Hakulia. Alikwenda akavikunja vitenge vyote vizuri, akaomba chumba chenye komeo. Bupe analala naye.

Keti kwanza, Sista awe karibu.

Wamempata Fanueli. Nilikwenda polisi na cheti, na mfuko, na Doto ndani ya karatasi yake, nikawapachikia pacha wale mezani mbele ya macho yao mpaka mkubwa wao akawashika mwenyewe akajaribu kuwatenganisha kwa ukucha. Wakanisikiliza. Wachungaji wa kwa Minza waliwaonyesha mfereji wa zamani ambao ulifukiwa mwaka ule bila mtu kuagiza. Yaliyobaki sitayaandika kwenye karatasi. Nitakuambia kwa mikono tutakapoonana, kama tulivyokuwa tunasemezana ulipoanza kuacha kusikia. Kitabu chako cha sala kitazikwa naye. Kwa sasa amehifadhiwa hospitali, kwa heshima.

Sasa sikiliza. Polisi wanataka kumkamata Aroni hapa Mwanjelwa, si huko. Huko yumo nyumbani na wewe, na akiona gari la kigeni linateremka kijijini hatujui atafanya nini kwanza. Kwa hiyo leo nimetuma barua kwa basi, ya kusomwa na yeye. Imesema mnunuzi amerudi, pesa ziko tayari, lakini anataka kumwona mwenye Doto ana kwa ana. Atakuja. Milioni tatu zitamleta. Watakuwepo askari wawili wamekaa kwa muuza viatu mkabala na kibanda changu, wamevaa kama watu wa kawaida.

Akishapanga siku, mwambie unataka kuniandikia barua ya salamu, aipeleke mwenyewe stendi. Tia sarafu moja ndani. Sarafu yoyote. Ukiituma na uchafu wake, nitajua anakuja kwa tamaa tu na hajui jambo, na tutamngoja hapa. Ukiiosha, nitajua kwamba amejua. Hapo sitangoja siku yake. Tutaondoka saa hiyohiyo, na wenzao wa Iringa watapigiwa simu watangulie.

Sista amekubali kukuletea hii, lakini anasema wiki ijayo anakwenda likizo kwao. Kwa hiyo hutakuwa na njia nyingine ya kunifikia ila hiyo. Nisamehe kwa kukuachia ngazi nyembamba namna hii.

Chukua tahadhari jikoni. Usimpe mgongo.

Mdogo wako,
Crispin


Kalenga,
12 Agosti 2024

Mdogo wangu mpendwa Crispin,

Kamwene, kamwene sana. Natumaini mko wazima hapo Ilomba, Bupe na goti lake, Andendekisye na masomo, na mwanangu Lea na vitenge vyake. Sisi huku tuko wazima kabisa. Baridi ya mwaka huu imepitiliza, majani ya migomba yameungua kwa umande wa barafu, lakini kuni zipo. Aroni amepasua nyingi, zimejaa ukuta mzima wa nje mpaka dirisha la chumba changu halifunguki. Ni mtu wa kujituma.

Barua yako ya mnunuzi ilifika, ameisoma kisha akanipa nami. Tumefurahi sana.

Juzi tulipata mgeni kutoka Ubaruku, rafiki yake wa zamani wa kilimo. Hakuingia ndani. Walizungumza kule kwenye mianzi mpaka giza likaingia. Tangu siku hiyo Aroni amekuwa mwema kwangu kupita kiasi. Usiku analala kizingitini kwangu, anasema ni kwa ajili ya wezi. Mchana nikienda kisimani anabeba ndoo. Hata wateja wa ulanzi amewaambia nimeugua, wasije, nipate kupumzika. Kwa hiyo nyumba imetulia.

Amekata tiketi za Alhamisi, mbili. Anasema haifai yeye kupokea pesa za familia bila mama kuwepo, kwa hiyo tunakuja wote, tutakaa kiti kimoja. Anaomba uwe peke yako kibandani. Anaomba usimwambie mtu, maana pesa ni nyingi na mji una watu. Anaomba pia Lea awepo, amesimama pale mbele, barabarani, ambapo atamwona kabla hatujashuka, na Kulwa na Doto uwe nao mkononi. Akishawaona wote watatu, anasema, ataniruhusu nishuke.

Ameniambia pia nikuandikie kwamba Fanueli amepiga simu kutoka Zambia na anatusalimu wote.

Nimekuwekea sarafu moja ya mia, mkia wa swala wake umeingia ukingoni. Nilikuwa nimeiweka tangu masika, ikaota kutu. Nimeiosha kwa majivu na limau, nimeisugua pande zote mbili mpaka inang'aa. Aroni alinikuta naiosha, akachukua karatasi akaniuliza kwa nini najisumbua hivyo kwa shilingi mia. Nikamwandikia kwamba hii haina bei ya kupoteza, na kwetu mtu hatumiwi kitu kichafu, hasa ndugu. Amesema hiyo ni tabia nzuri. Limau amenikatia yeye mwenyewe.

Dada yako,
Kalista